Riwaya Si Shahidi: Somo kwa Wenye Kuitafuta Kweli





Yako maswali ambayo mtu akiyauliza katika mazungumzo ya dini, mara hujulikana ameyachota katika kisima gani. Mmoja atauliza: Je, si kweli kwamba Yesu alifanywa Mungu kwa kura iliyopigwa mbele ya mfalme wa Kirumi? Mwingine atauliza: Je, si kweli kwamba Injili zilikuwa zaidi ya 80, na Kanisa likaziteketeza likabakiza nne? Na wa tatu atasema kwa sauti ya chini, kama mwenye kufichua siri: Je, si kweli kwamba Maria Magdalena alikuwa mke wa Yesu, na kwamba kizazi chao kiliendelea katika nchi ya Ufaransa? Ukimwuliza kila mmoja wao amelisoma wapi jambo hilo, mara nyingi atakutajia riwaya, au sinema iliyotokana na riwaya.

Hilo ndilo somo letu. Linakuhusu hasa wewe uliyeingia katika Islam karibuni, na wewe unayeichunguza dini hii bado hujakata shauri. Kwani ninyi ndio mtakaoulizwa na wazazi na jamaa zenu sababu ya imani yenu, na sababu mtakayoitoa itapimwa. Mtu akitoa sababu moja ya uongo, wasikilizaji wake hawaikatai hiyo moja tu. Huzikataa pia zile za kweli atakazoleta kesho.

1. Riwaya yenyewe na dai lake

Riwaya iliyosambaza maswali hayo kuliko nyingine zote ni The Da Vinci Code, iliyoandikwa na Mmarekani Dan Brown na kutolewa mwaka 2003. Iliuzwa makumi ya mamilioni ya nakala, ikafasiriwa katika lugha nyingi, na mwaka 2006 ikatengenezewa sinema. Ni hadithi ya kusisimua: mtu anauawa usiku katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, naye profesa mmoja pamoja na mjukuu wa marehemu wanakimbizwa huku wakifumbua mafumbo, mpaka wanaambiwa siri ambayo, kwa hadithi hiyo, Kanisa limeificha tangu zamani. Siri yenyewe ni kwamba Yesu alikuwa mtu tu, alioa, akazaa, na Mfalme Konstantino ndiye aliyempandisha cheo cha Uungu mwaka 325.

Riwaya kwa desturi yake si dhambi wala si uongo. Msimulizi anapotuambia habari za sungura na fisi hatumwiti mwongo, kwa sababu sisi na yeye tumeafikiana tangu mwanzo kwamba ile ni hadithi. Lakini kitabu hiki kilifanya jambo la ziada. Kabla ya sura ya kwanza mwandishi aliweka ukurasa wenye kichwa kinachodai kwamba yafuatayo ni mambo ya hakika. Humo alidai kwamba chama cha siri kiitwacho Priory of Sion ni chama cha kweli kilichoanzishwa mwaka 1099, na kwamba maelezo yote ya sanaa, majengo, hati na ibada za siri yaliyomo kitabuni ni sahihi. Hapo msimulizi alitoka katika baraza ya hadithi akapanda kizimbani kama shahidi. Na shahidi hana budi kuhojiwa.

2. Kwa nini watu huisadiki

Kabla ya kumhoji, tutazame kwanza jinsi riwaya ya namna hii inavyoingia moyoni mwa msomaji. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuchanganya ya kweli na ya kubuni. Louvre lipo. Kanisa la Saint-Sulpice lipo mjini Paris, na ndani yake umo kweli mstari wa shaba uliopita sakafuni. Msomaji akifika akauona mstari, huona kwamba na maneno yaliyosemwa juu ya mstari huo ni kweli. Lakini mstari huo ni sehemu ya chombo cha elimu ya nyota kilichowekwa katika karne ya 18, ili kwa mwanga wa jua upatikane wakati wa usiku na mchana kulingana, jambo linalosaidia kuihesabu tarehe ya Pasaka. Si mabaki ya hekalu la kipagani. Wageni walikuwa wengi wakiuliza habari za riwaya hata ikabidi kanisani humo libandikwe tangazo la kukanusha.

Njia ya pili ni kumpa mwongo joho la mwanachuoni. Katika riwaya hii madai makubwa juu ya Yesu hayasemwi na mlevi wa njiani. Husemwa na mtaalamu wa historia mwenye maktaba kubwa, naye profesa husikiliza na kukubali. Msomaji husahau kwamba wote wawili, yule asemaye na yule akubaliye, wameumbwa na kalamu moja. Ni kama mtu anayejiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kisha akajisifu kwamba ameshinda mjadala.

Njia ya tatu ni haraka. Wakimbizi wanafukuzwa na polisi. Hakuna nafasi ya kusimama na kuuliza ushahidi. Msomaji naye hukimbia pamoja nao, na kila neno linalotupwa njiani huliokota bila kulipima. Katika dini, haraka ya namna hiyo ni hatari. Kurani Tukufu inatufundisha kwamba akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta (49:7). Tena inatukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, kwa kuwa sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa (17:37).

3. Shahidi anahojiwa

Sasa na tuyachukue madai makubwa ya kitabu hiki moja moja.

(a) Chama cha siri. Priory of Sion hakikuanzishwa mwaka 1099. Kiliandikishwa mwaka 1956 katika mji mdogo wa Saint-Julien-en-Genevois, Ufaransa, na Pierre Plantard pamoja na wenzake. Hati zilizotolewa kuwa ushahidi wa ukale wake ziliwekwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris katika miaka ya 1960, na ngozi zilizodaiwa kuwa za kale zilighushiwa na Philippe de Chérisey, mshirika wa Plantard. Mwaka 1982 Michael Baigent, Richard Leigh na Henry Lincoln walitoa kitabu kiitwacho The Holy Blood and the Holy Grail, wakazijenga juu ya hati hizo habari za ndoa na kizazi cha Yesu, wala hawakuziita riwaya bali utafiti. Baigent na Leigh walipoishtaki kampuni iliyochapa riwaya ya Brown huko London, wakidai kwamba amewaibia kazi yao, mahakama iliwakatalia tarehe 7 Aprili 2006. Basi riwaya ilitegemea kitabu, kitabu kikategemea hati, na hati zilikuwa za kughushi. Wazee walisema: njia ya mwongo ni fupi.

(b) Kura ya Nikea. Ni kweli kwamba Mfalme Konstantino aliwaita maaskofu Nikea mwaka 325, na kwamba mabishano yalihusu daraja la Yesu. Padre Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana ameumbwa na kwamba hakuwa pamoja na Baba tangu milele. Askofu wake Aleksanda alipinga. Lakini haikuwa kura ya kukaribiana, kama riwaya isemavyo. Mapokeo hutaja maaskofu 318, na katika umati huo waliokataa mpaka mwisho kuutia sahihi waraka wa imani walikuwa wawili tu. Tena si kweli kwamba kabla ya siku hiyo hakuna aliyempa Yesu heshima ya kimungu. Yapata mwaka 112, liwali Mrumi Plinio alimwandikia Mfalme Traiano kwamba Wakristo wa jimbo lake hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama wamwimbiavyo mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea.

(c) Kuchagua Injili. Baraza la Nikea halikukaa kuchagua vitabu vya Agano Jipya. Yapata mwaka 180, Askofu Ireneo wa Lyon alikwisha kuandika kwamba Injili ni nne wala hazizidi. Orodha ya vitabu 27 kama inavyojulikana leo imo katika waraka wa Askofu Athanasio wa mwaka 367, miaka 30 baada ya Konstantino kufa. Alilofanya Konstantino ni kuagiza nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya.

(d) Injili zilizofichwa na ndoa ya Yesu. Riwaya inasema kwamba magombo ya Bahari ya Chumvi na vitabu vya Nag Hammadi ndiyo kumbukumbu za kwanza za Kikristo, nayo yamemwonyesha Yesu kuwa mtu wa kawaida. Magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, ni maandishi ya Kiyahudi. Yesu hakutajwa humo hata mara moja. Vitabu vya Nag Hammadi, vilivyopatikana Misri mwaka 1945, ni vya Kikopti na vilinakiliwa katika karne ya 4. Injili ya Filipo iliyomo humo humwita Maria Magdalena mwenzi wa Yesu, na mahali panaposimuliwa kwamba alimbusu, karatasi ya mafunjo imetoboka. Neno la mahali alipombusu halipo. Riwaya hujenga hoja juu ya maana ya neno „mwenzi” katika Kiaramu, hali kitabu chenyewe ni cha Kikopti na neno lililotumika humo ni la Kiyunani. Zaidi ya hayo, vitabu vingi vya Nag Hammadi havimshushi Yesu kuwa mtu wa kawaida. Vingine humpandisha juu zaidi kuliko Injili nne, mpaka vikakana kwamba aliumia mwilini. Mtafuta ubinadamu wa Yesu akienda huko, amekwenda kinyume na njia.

Mwaka 2012 ulimwengu ulishtushwa na kipande kidogo cha mafunjo kilichotangazwa na Profesa Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard, chenye maneno ya Yesu akisema „mke wangu”. Magazeti yalikitangaza kwa vichwa vikubwa. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar alifuatilia kipande kile kilikotoka, na baada ya uchunguzi huo Profesa King mwenyewe alikubali kwamba yaelekea ni cha kughushi. Riwaya ilikuwa imeitayarisha mioyo ya watu kukipokea kitu kama hicho kabla hakijatokea.

4. Je, riwaya haina faida hata kidogo?

Labda utasema: basi Wakristo wameshinda, na riwaya imekwisha. Ngoja, ndugu yangu. Haki ina pande mbili. Shahidi akikutwa ni mwongo, kesi haijafa. Hutafutwa mashahidi wengine. Riwaya hii ilijibu vibaya, lakini maswali iliyoyaamsha ni maswali halali, na historia ya kweli inao ushahidi juu yake.

Swali la kwanza: je, fundisho la Utatu lilikuwapo kwa maneno yale yale tangu siku za mitume? Historia hujibu kwamba maneno yake yaliundwa kwa hatua. Mwaka 325 ndipo lilipowekwa katika waraka wa imani lile neno la Kiyunani lisemalo kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba, neno ambalo halimo katika Injili hata moja. Wala mabishano hayakwisha Nikea. Konstantino mwenyewe alimhamisha Ario, kisha akamrudisha. Mwaka 335 akamhamisha Athanasio aliyekuwa mtetezi wa Nikea. Na mwaka 337, karibu na kufa, alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, aliyekuwa rafiki wa Ario. Mfalme ambaye riwaya inasema alimfanya Yesu Mungu kwa siku moja, hakusimama juu ya jambo hilo maisha yake yote. Vita vya maneno viliendelea zaidi ya nusu karne. Mwaka 380 Mfalme Theodosio aliamuru imani ya Nikea iwe ndiyo ya dola, na mwaka 381 katika Baraza la Konstantinopoli ndipo ilipotangazwa waziwazi kwamba Roho Mtakatifu naye huabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Ipime habari hii pamoja na ile ya riwaya. Riwaya inasema: njama moja, mfalme mmoja, siku moja. Historia inasema: karne tatu na nusu za watu waliobishana kwa dhati, wengine wakiamini kwamba wanamtukuza Mungu, na serikali ikitia mkono wake. Kwa mwenye kuitafuta Tauhidi, habari ya pili ina uzito zaidi, maana mwenye elimu hawezi kuikanusha. Mkristo atakuambia kwamba maaskofu wale waliyafafanua tu yaliyokwisha kuaminiwa na mitume. Hilo ni jibu lake, na ni haki yake kulitoa. Nawe ni haki yako kumwuliza kwa adabu: kama imani hiyo ilihitaji neno lisilokuwamo katika Injili na mabishano ya zaidi ya miaka 50, je, Yesu a.s. mwenyewe aliifundisha kwa neno gani? Injili ya Marko inasimulia kwamba alipoulizwa amri iliyo kuu alianza na umoja wa Mungu (Marko 12:29). Hapo mazungumzo ya kweli huanza.

Swali la pili ni la Maria Magdalena. Riwaya inadai kwamba Kanisa lilimsingizia ukahaba ili kuficha ndoa. Ndoa haina ushahidi, lakini masingizio yana historia. Injili hazisemi popote kwamba Maria Magdalena alikuwa kahaba. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza katika hotuba yake alimfanya kuwa mtu mmoja na mwanamke mwenye dhambi wa Luka sura ya 7, na watu wakaendelea kumhesabu hivyo kwa karne nyingi mpaka kalenda ya Kikatoliki iliporekebishwa mwaka 1969. Mwanamke ambaye Injili zinamtaja miongoni mwa walioshuhudia pale msalabani alichafuliwa jina kwa kosa la kusoma. Tukiona hivyo, tukumbuke jinsi Kurani Tukufu ilivyomtakasa mwanamke mwingine, Bibi Mariamu mama wa Yesu, na singizio la Mayahudi, na jinsi inavyokemea kumsingizia mwanamke mwema bila mashahidi.

Na juu ya ndoa yenyewe: kwa Mwislamu habari ya nabii kuoa haina aibu yoyote. Kurani Tukufu inasema kwamba Mitume waliotangulia walipewa wake na watoto (13:39). Ingethibitika kwamba Yesu a.s. alioa, imani yetu isingetikisika hata kidogo. Lakini kwa kuwa jambo lingetufaa, je, tuliseme bila ushahidi? Hasha. Uwezekano wa jambo ni kitu kimoja, na kutokea kwake ni kitu kingine.

5. Mtego ulio upande wetu

Ni rahisi kuuona uongo unaotuumiza; ulio mgumu kuuona ni ule unaotupendeza. Kwa hiyo na tujipime wenyewe.

Mwaka 1972, miaka 31 kabla ya kitabu cha Brown, Mmarekani Irving Wallace alitoa riwaya iitwayo The Word. Humo inasimuliwa kwamba katika magofu ya Ostia, karibu na Roma, imefukuliwa Injili iliyoandikwa na Yakobo ndugu yake Yesu, nayo inasema kwamba Yesu hakufa msalabani bali aliendelea kuishi. Mwahmadiyya akisikia hivyo huenda moyo wake ukaruka kwa furaha, kwa kuwa sisi tunaamini kwamba Mwenyezi Mungu alimwokoa Nabii Isa a.s. na mauti ya msalaba, akasafiri mashariki kuwatafuta kondoo waliopotea wa Israeli, na akafa kwa mauti ya kawaida. Lakini Injili ile ya Ostia haipo. Ilitungwa mezani na mwandishi, na ndani ya hadithi yenyewe shujaa wake anagundua kwamba imeghushiwa. Je, Mwahmadiyya aitumie kama hoja? Hata kidogo!

Masihi Aliyeahidiwa, Hazrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., alipoandika habari hizi mwaka 1899 katika kitabu chake juu ya Masihi katika India, hakuegemea ngano. Alianza na Injili zenyewe ambazo Mkristo anazikubali: ishara ya Yona aliyeingia tumboni mwa samaki akiwa hai na kutoka akiwa hai (Mathayo 12:40), Pilato kustaajabu kwamba amekufa upesi hivyo (Marko 15:44), damu na maji kutoka ubavuni (Yohana 19:34). Kisha akaleta Kurani Tukufu na Hadithi, na vitabu vya utabibu na vya tarehe. Vivyo hivyo Juni 1978, Jumuiya yetu ilipofanya mkutano mjini London juu ya kuokolewa kwa Yesu msalabani, mbele ya Hazrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifa wa Tatu, jambo lilitolewa hadharani ili lijadiliwe. Mkristo anaweza kuzikubali hoja hizo au kuzikataa, na wengi huzikataa. Lakini anaweza kuzifungua katika Biblia yake mwenyewe na kuzipima. Hiyo ndiyo tofauti kati ya hoja na hadithi.

Wako pia Waislamu wanaoshika mkononi kile kiitwacho Injili ya Barnaba kana kwamba ni ushahidi wa karne ya kwanza. Nakala ya Kiitaliano inayojulikana, iliyopo Vienna, ni ya karne ya 16 hivi. Humo Yesu husemeshwa habari za yubile ya kila miaka 100, hali katika Torati yubile ni kila mwaka wa 50, na yubile ya miaka 100 ilianzishwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Dini yenye Kurani haina haja ya fimbo iliyooza.

6. Mizani mitatu ya kuchukua nyumbani

Tuseme kijana mmoja ameacha kanisa alilobatizwa. Mama yake, mtu mzima, amemwita nyumbani, na katekista naye amekuja. Mama anamwuliza kwa uchungu: „Mwanangu, nini kimekutoa katika dini ya baba yako?” Kijana anajibu kwamba Konstantino alimfanya Yesu Mungu kwa kura, na kwamba Yesu alioa. Katekista anamwuliza ameyasoma wapi. Kijana anataja riwaya. Hapo mama huinamisha kichwa. Hakuumia kwa kuwa mwanawe amepata hoja. Ameumia kwa kuwa, kwa anavyoona, mwanawe ameiacha dini ya wazazi kwa ajili ya hadithi. Ni siku ngapi zitapita kabla mama huyo hajakubali kumsikiliza tena?

Ili usifikwe na hayo, chukua mizani mitatu.

Kwanza, uliza: nani amesema, na lini? Shahidi aliyeishi karibu na jambo ana uzito kuliko aliyekuja baada ya karne nyingi, na wote wawili wana uzito kuliko mtu wa kubuniwa ndani ya riwaya.

Pili, uliza: je, mpinzani wangu anaweza kuufungua ushahidi huu na kuuona kwa macho yake? Kama hawezi, usiutie katika hoja zako.

Tatu, uliza: je, ningeikubali habari hii kama ingekuwa dhidi yangu? Huu ndio mzito kuliko yote. Kurani Tukufu inatuamuru kwamba uadui wa watu usitupeleke kuacha uadilifu (5:9). Usimwambie Mkristo jambo juu ya Kanisa lake ambalo usingependa yeye aseme mfano wake juu ya Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Sisi tunaumia waandishi wa riwaya wanapomdhihaki Mtume wetu. Basi tutawezaje kushangilia riwaya inapobuni habari za Masihi wa Wakristo, ambaye kwetu pia ni Nabii?

Wala usikidharau kitabu kilichokuamsha. Wako watu ambao riwaya ndiyo iliyowafanya wafungue Biblia kwa mara ya kwanza kwa uangalifu, na wengine baada ya hapo wakafungua Kurani. Kelele ya usiku inaweza kumwamsha mtu, na kuamka ni heri. Lakini aliyeamka huwasha taa akatazama. Hakai gizani akizisimulia kelele. Funga riwaya, fungua Maandiko, soma historia, uwaulize wenye elimu, na juu ya yote umwombe Mola wako akuongoze. Yeye hana haja ya hila zetu ili kweli yake ishinde.

Maswali ya kujipima

1. Ukurasa wa kwanza wa The Da Vinci Code ulidai nini juu ya Priory of Sion, na chama hicho kiliandikishwa lini?
2. Ni jambo gani la kweli juu ya Nikea ambalo unaweza kumweleza Mkristo bila kuongeza chumvi?
3. Kwa nini hatuwezi kudai kwamba Yesu a.s. alioa, ingawa dini yetu haioni aibu katika kuoa kwa Mitume?
4. Taja hoja moja uliyokuwa ukiitumia katika mazungumzo ya dini. Ipime kwa mizani mitatu. Je, imesimama?

Mwenyezi Mungu atujalie ulimi wa kweli na moyo wenye kupokea haki itokako kokote. Amin.